Uzi: Dunia ni tufe, na ushahidi unapimika hapa hapa Mtwara kwa nondo, timazi na saa

Mleta uzi (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za majukumu.

Video za "dunia bapa" zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp ya huku kusini. Vijana wa bodaboda wanazo, wanafunzi wa sekondari wanarushiana, na nimemkuta mtu mzima anazichezesha barazani baada ya Isha kana kwamba ni mawaidha. Hoja yao kubwa ni moja tu: "Wewe umeiona? Si umeambiwa na NASA?"

Sawa. Leo NASA naiweka kando, picha za setilaiti naziweka kando, wanaanga nao wapumzike. Tuongee vitu ambavyo mtu wa Mtwara au Lindi anavipima mwenyewe uani kwake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtoto anayefundishwa leo kwamba kila aliyesoma ni mwongo, kesho ataambiwa utabiri wa kimbunga nao ni uongo, na sisi hapa tunaishi ufukweni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kila mwaka kuna siku mbili ambazo jua la adhuhuri husimama wima juu ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, na tarehe 15 au 16 Julai. Mashehe wengi wanazijua, maana ndizo siku za kuhakiki kibla. Mei inakuwa saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, Julai saa 6 na dakika 27. Saa za Makka ndizo saa zetu, hatupishani hata dakika moja. Wakati huo, nguzo yoyote iliyosimama wima pale Makka haina kivuli.

Sasa angalieni bahati ya Mtwara. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Mtwara mjini iko 40.2. Maana yake Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, na ndiyo sababu misikiti ya hapa kibla chake ni kaskazini. Kwa hiyo tuna miji miwili kwenye mstari mmoja na saa moja. Aliyefanya kipimo cha namna hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, alitumia miji ya Aswan na Aleksandria, na miji ile haikuwa imenyooka kwenye mstari vizuri kama hii yetu.

Chukua nondo, isimamishe kwenye sakafu ya saruji iliyolazwa kwa pimamaji, juu ya sakafu ibaki mita moja kamili. Iweke wima kwa timazi, uzi na jiwe vinatosha, lakini angalia pande mbili, siyo upande mmoja. Saa 6 na dakika 18 ikifika, weka alama ya mkaa kwenye ncha ya kivuli. Ncha haitakatika vizuri, itakuwa na ukungu wa upana wa kidole hivi, kwa sababu jua lenyewe ni pana. Weka alama katikati ya ukungu. Kisha pima kwa futikamba. Hapa Mtwara utapata sentimita 62 hivi, na kivuli kitalala kusini.

Chora pembetatu hiyo kwenye daftari: sentimita 10 kwenda juu, 6.2 kwenda pembeni. Weka kipimapembe cha mkebe wa hesabu pale juu. Utasoma karibu nyuzi 32, na kwa hesabu kali ni 31.7. Hiyo ndiyo tofauti kati ya "juu" ya Makka na "juu" ya Mtwara. Nondo mbili zote ziko wima kwa timazi, lakini hazielekei upande mmoja angani.

Kutoka Mtwara hadi Makka ni kilomita 3,500 hivi kwa mstari wa ndege. Kama nyuzi 31.7 ni kilomita 3,500, nyuzi 360 ni ngapi? Gawanya, zidisha. Inakuja kama kilomita 39,700. Mzingo wa dunia unaofundishwa shuleni ni kilomita 40,000. Kwa nondo na mkaa!

Karibuni kwa hoja.

Mdau wa Lindi

Mkuu nakuheshimu, lakini hujathibitisha kitu. Hata dunia ikiwa bapa, jua likiwa dogo na liko karibu, kivuli cha Mtwara kitatokea vilevile na cha Makka hakitatokea. Hili wenzetu walishalijibu siku nyingi.

Mleta uzi

Kaka, hili ndilo swali zuri kuliko yote, na nilikuwa nalisubiri. Uko sahihi kabisa kwamba miji miwili peke yake haiamui. Ukiwa na Makka na Mtwara tu, tufe lenye jua la mbali na bapa lenye jua la karibu yote yanatoa kivuli cha sentimita 62. Ndiyo maana tunaongeza miji.

Tuifanye dunia iwe bapa kama mnavyotaka. Basi kimo cha jua kinapatikana kwa pembetatu: umbali kutoka Makka, gawanya kwa kivuli cha fimbo ya mita moja. Mtwara: kilomita 3,500 gawanya kwa 0.62, jua liko juu kilomita 5,650 hivi. Haya, twende Addis Ababa, nao wanatumia saa zetu. Wao wako kilomita 1,380 kutoka Makka na kivuli chao dakika hiyo hiyo ni sentimita 22. Gawanya: jua limepanda hadi karibu 6,300. Twende Antananarivo kule Madagaska, kilomita 4,550 kutoka Makka, nao pia saa yao ni yetu. Kivuli sentimita 87. Gawanya: jua limeshuka hadi 5,200.

Jua moja, dakika moja, vimo vitatu, na tofauti kati ya kimo cha juu na cha chini inapita kilomita 1,000. Hiyo siyo hitilafu ya futikamba. Kila ukisogea mbali na Makka jua linazidi kushuka, kwa mpangilio ule ule.

Sasa rudisha dunia iwe tufe na ufanye hesabu nyingine: gawanya umbali kwa pembe. Addis ni nyuzi 12.4, Mtwara 31.7, Antananarivo 41. Zote tatu zinakupa kilomita 110 au 111 kwa kila nyuzi moja. Kila mji, kila siku. Umbo ambalo kila nyuzi moja ya timazi ni umbali ule ule ni mviringo, halipo lingine.

Na hilo jua dogo la kilomita 5,000 lina tatizo lingine ambalo hamlizungumzi. Haliwezi kuzama. Lipeleke mbali uwezavyo, kilomita 20,000 kutoka ulipo, bado litakuwa nyuzi 14 juu ya upeo wa macho, na upana wake umebaki robo ya ule wa adhuhuri. Nani kati yetu amewahi kuona jua likipungua mpaka robo halafu likining'inia bila kuzama? Sisi tunaona linatua zima, upana ule ule, likianza kukatwa kwa chini.

Mdau wa Mikindani

Mimi nashinda ufukweni. Kuna video jamaa anavuta meli kwa kamera, meli ilishapotea, inarudi yote. Hapo unasemaje?

Mleta uzi

Ndugu yangu, wewe ndiye shahidi mzuri kuliko mimi. Chombo kinachokwenda mbali kinapotea kwa namna mbili. Kwanza kinakuwa kidogo mpaka jicho linashindwa. Hapo darubini au kamera inakirudisha, ni kweli kabisa, na ndicho wanachokuonyesha. Pili, kikienda mbali zaidi, kinaanza kuliwa kwa chini. Hapo hata ulete darubini ya kifaru, unaona daraja la nahodha na bomba la moshi, ubavu haupo. Video zao zinakatika kabla ya kufika hatua ya pili.

Simama kwenye mchanga pale Shangani, macho yako yakiwa mita 2 juu ya maji. Upeo wako wa macho uko kilomita 5 tu. Panda ghorofa, macho yafike mita 10, upeo unasogea hadi kilomita 11. Subiri meli ya makaa ya mawe au ya korosho ikiondoka bandarini na kuelekea bahari kuu, itazame kwa darubini mpaka ubavu uzame, kisha panda ghorofani haraka uitazame tena. Ubavu unarudi. Kama ni macho kushindwa, kupanda juu mita 8 kungesaidia nini? Umbali wa meli haujapungua. Mabaharia waliokuwa wanampandisha mtu mlingotini kutafuta nchi kavu walilijua hili bila kitabu.

Tahadhari moja, maana sitaki mtu apime akavunjika moyo: hewa iliyo karibu na maji hupinda mwanga. Siku nyingine unapata mazigazi, kitu kilichozama kinaonekana kimenyanyuka. Samuel Rowbotham, Mwingereza aliyeanzisha dunia bapa ya kisasa, aliponzwa na hilo hilo mwaka 1838. Aliweka jicho karibu kabisa na maji ya mfereji ulionyooka, akaona mashua kilomita karibu 10 mbele, akatangaza dunia imelala. Mwaka 1870 Alfred Russel Wallace akaenda kwenye mfereji ule ule, akaweka alama juu zaidi ya maji kwa vimo vilivyolingana, na alama ya katikati ikaonekana imeinuka kuliko za pembeni. Kwa hiyo kaa juu kidogo, na rudia siku tofauti.

Mdau wa Kilwa Masoko

Mada nzuri sana. Huku kwetu wazee waliokuwa wanakwenda Arabuni kwa majahazi walikuwa wanataja sana nyota. Hazina ushahidi wowote?

Mleta uzi

Dada, umegusa mahali ambapo mimi binafsi napapenda kuliko pote. Watu wanadhani habari ya dunia kuwa tufe imeletwa na mkoloni. Kilwa ilikuwa inafanya biashara na Arabuni na India kabla ya hapo, Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na akaisifu. Majahazi yalikwenda na kusi, yakarudi na kaskazi. Na mabaharia wa bahari yetu, wa zama za akina Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walijua wamefika wapi kwa kupima kimo cha nyota kwa vidole na kwa kibao chenye uzi wa mafundo.

Chukua Suheli, nyota inayong'aa kuliko zote ukiondoa ile moja inayoitwa Sirius. Kati ya Januari na Aprili jioni utaiona kusini. Ikifika juu kabisa, hapa Mtwara inakuwa nyuzi 48 hivi kutoka upeo wa macho. Makka inapanda nyuzi 16 tu. Aleksandria kama 6. London hawaioni kabisa mwaka mzima. Wakati huo huo nyota ya jaa, ile ya kaskazini, Makka iko nyuzi 21 juu, na Mtwara haionekani kamwe, iko nyuzi 10 chini ya upeo wetu. Jahazi likienda kaskazini, Suheli inashuka na jaa inapanda, nyuzi moja kwa kila kilomita 111.

Toa 16 kwenye 48. Inabaki 32. Ni pembe ile ile ya nondo na mkaa! Jua la mchana wa Mei na nyota ya usiku wa Februari, vyote vinasema kati ya Mtwara na Makka kuna nyuzi 32 za mpindo. Kwenye dunia bapa hakuna sababu yoyote ya namba hizi mbili kukutana.

Watakuambia jaa haionekani kwa sababu iko mbali. Kitu kilicho mbali juu ya uwanda hakiendi chini ya upeo wa macho, kinausogelea tu. Jaa tungeiona walau kwa darubini, usiku mmoja usio na mawingu. Haipo.

Mdau wa Masasi

Shida yenu mnaweka sayansi mbele ya dini. Kitabu kimesema ardhi imetandikwa. Limekwisha.

Mleta uzi

Shehe wangu, aya naiamini kama unavyoiamini. Ninachosema ni kwamba waliosoma dini kuliko mimi na wewe hawakuiona inapingana na tufe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliandika wazi kwamba ardhi ni mviringo na kwamba hakuna imamu mkubwa aliyelikanusha hilo. Fakhr al-Din al-Razi alieleza kwamba tufe likiwa kubwa sana, kila kipande chake huonekana kimetandazwa. Mtu anayelima korosho Masasi anatembea juu ya kipande hicho.

Na hawakuishia kusema. Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, alituma wapimaji kwenye uwanda wa Sinjar kule Iraki. Walitembea kaskazini wakipima ardhi kwa kamba mpaka kimo cha jaa kikaongezeka nyuzi moja, na wengine wakatembea kusini mpaka kikapungua nyuzi moja. Al-Biruni naye, katika karne ya 11, alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistani ya leo, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka ukiutazama kutoka juu, na kwa pembe hiyo moja na kimo cha mlima akapata nusu kipenyo cha dunia kilicho karibu sana na cha leo. Hao ni watu wa kuswali swala tano. Kuwaachia wapiga video wa Marekani watufasirie aya zetu, hapo mimi sikubali.

Mdau wa Newala

Mimi swali langu dogo. Ikiwa inazunguka, mbona hatusikii? Na maji ya bahari mbona hayamwagiki?

Mleta uzi

Hapa Mtwara tunakwenda kama kilomita 1,640 kwa saa, na mwendo haubadiliki. Basi la Dar likiwa kwenye lami nyoofu bila kukata kona wala kushika breki, chai iliyo mkononi inatulia; mwili unasikia mwendo ukibadilika, hausikii mwendo. Maji nayo yanavutwa kuelekea katikati ya dunia. "Chini" ni kule katikati, kwa hiyo hakuna upande wa kumwagikia.

Mzunguko wenyewe tumeuona kwa macho, kwa bahati mbaya. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilichotufanya tuhamishe watu na kikaishia kupiga kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya cha Mei 2024, vyote vilizunguka kufuata mshale wa saa. Vimbunga vinavyopiga Marekani na Uchina vinazunguka kinyume chake. Hakuna kimbunga kinachovuka ikweta. Juu ya tufe linalozunguka hilo linatarajiwa, kwa sababu upepo unapindishwa kushoto kusini mwa ikweta na kulia kaskazini yake. Juu ya sahani iliyotulia halina maelezo, na wataalamu wa hali ya hewa wangekuwa wanakisia tu njia ya kimbunga.

Mdau wa Lindi

Mkuu, kuhusu nyota nimekuelewa. Lakini Antaktika kuna ukuta wa barafu, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kuhakikisha.

Mleta uzi

Kaka, wameenda. Desemba 2024 mchungaji mmoja wa Colorado, Will Duffy, aliwapeleka Antaktika watu wa pande zote mbili, wanaosema tufe na wanaosema bapa. Swali lilikuwa moja: je, kule jua halizami kwa saa 24 mwezi wa Desemba? Ramani ya bapa, yenye Ncha ya Kaskazini katikati, hairuhusu kitu hicho kabisa. Jua lilizunguka anga bila kuzama. Jeran Campanella, mmoja wa watu maarufu wa bapa, alikiri hadharani kwamba alichokuwa anakiamini kuhusu jua la kule hakikuwa kweli. Inahitaji moyo mtu kusema hivyo mbele ya wafuasi wake, nami nampa heshima yake.

Ramani hiyo hiyo inakwama hata kwenye ndege. Kutoka Sydney hadi Santiago kule Chile ni kilomita 11,300 hivi, na ndege inatumia kama saa 12 au 13. Ipime kwenye ramani ya bapa: inazidi kilomita 25,000. Ndege ya abiria ingebidi ikimbie karibu kilomita 2,000 kwa saa.

Na usiku wa Jumapili 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote kuanzia saa 2:30 usiku, kivuli kilichoingia juu yake kilikuwa na ukingo wa duara. Kinakuwa hivyo kila mwezi unapopatwa, uwe unachomoza au uko utosini. Sahani ingetoa mara nyingine kivuli kilichobonyea au kilichonyooka kama ufito.

Mdau wa Newala

Nimeridhika na maelezo, nataka kupima mwenyewe. Huku juu Makondeni mawingu hayana adabu. Yakifunika jua dakika ile ile, nasubiri mwaka mzima?

Mleta uzi

Hapana. Ukiwahi au ukichelewa dakika 5, kivuli hakibadiliki kiasi cha kukuharibia. Ukikosea siku moja, kinabadilika chini ya nusu sentimita. Kwa hiyo una siku tatu za Mei, ya kabla, yenyewe na ya baada, na una Julai kama akiba. Kosa kubwa linatoka kwenye nondo isiyo wima na sakafu inayoteremka, basi shughulika na hivyo kuliko mawingu.

Kwa nondo ya mita moja, tegemeeni hivi: Newala na Masasi sentimita 63, Mtwara 62, Lindi 61, Kilwa Masoko 59. Mwenye ndugu Dar amwambie apime, apate 54. Wa Tanga atapata nusu mita kamili. Mwalimu yeyote wa jiografia akiwatoa wanafunzi nje mchana huo, shule mbili za mikoa tofauti zikipigiana simu, hesabu yote inamalizika kabla ya kengele ya chakula.

Mkipima, andikeni hapa mji, tarehe, saa na kivuli. Wa Lindi, wewe nakuomba uwe wa kwanza.